Shemeji Alipotoka Sekei kwa Baiskeli

Akina mama wenzangu mnaoufahamu mji wa Arusha mtakubaliana nami kwamba Sekei ni mahali pa kupanda na kushuka. Ukiiacha barabara kuu ya Moshi pale Sanawari na kuelekea upande wa mlima, haichukui muda pumzi kuanza kukukatika. Migomba imebanana na nyumba, na asubuhi, kabla mawingu hayajafunga, Mlima Meru wenye mita 4,566 unaonekana kama umeegemea ua wa jirani. Kina mama hushuka na ndizi na maziwa kwenda mjini, jioni hupanda na unga na sabuni. Baiskeli huku hushuka zenyewe, na kupanda husukumwa.

Ndiyo maana mwaka 2018 shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, aliposema ataendesha baiskeli kutoka Sekei hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600, tulicheka.

Kumbe hakuwa anatania. Wifi yangu, dada yao, alikuwa amegundulika ana saratani ya titi. Upasuaji ulikwisha kufanyika. Dawa za kemo alizipata KCMC Moshi, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa Desemba 2016, na Moshi ni kama kilomita 80 tu, mtu huenda na kurudi. Sasa alitakiwa kupigwa mionzi, na kwa mionzi tulielekezwa Ocean Road, Dar es Salaam. Matibabu yenyewe pale yalikuwa bure. Watu wakisikia neno "bure" hudhani mambo yamekwisha. Lakini mionzi hupigwa siku tano kwa wiki, wiki kadhaa mfululizo, na mgonjwa asiyelazwa ni lazima apate pa kulala, ale, apande daladala na awe na mtu wa kumwangalia. Na huko nyumbani watoto watatu wanataka ada na uji. Hapo ndipo mama hukatisha matibabu, si kwa kukosa dawa bali kwa kukosa pango la chumba.

Wazo la baiskeli shemeji alilipata kwa wazungu. Tangu mwaka 2003 kuna msafara uitwao Tour d'Afrique, unaotoka Cairo hadi Cape Town, karibu kilomita 12,000, na Arusha wamezoea kupumzika kwa kuwa ni kama katikati ya safari. Kwenye kibanda cha fundi alikutana na mmoja wao aliyekuwa akichangisha fedha kwa ajili ya ugonjwa uliomchukua mama yake. Na si wazungu peke yao. Mgodi wa Geita ulianza mwaka 2002 kuchangisha fedha za kupambana na UKIMWI kwa watu kuupanda Mlima Kilimanjaro na kuuzunguka kwa baiskeli.

Basi shemeji akanunua daftari, akaandika ahadi. Anayeahidi shilingi 100 kwa kilomita atatoa 60,000. Akina mama wa jumuiya yetu waliahidi shilingi 20, yaani 12,000 kila mmoja, wakalipa kabla hajaondoka. Walioahidi 500 kwa sauti kubwa, wengine hata leo, wifi akiwa mzima na nywele zimerudi, hawajalipa.

Ugomvi ulikuja kwenye fulana. Shemeji aliichapisha jina la dada yake, na chini yake maneno "saratani ya titi". Wifi alipoiona alitetemeka.

"Titi langu ndilo utakalolitembeza barabarani mpaka Dar?"

Siku nne hawakusemeshana. Mimi nilikuwa upande wa wifi, na sijabadilika. Ndugu zetu wanaume wakishikwa na ari ya kusaidia husahau kumwuliza anayesaidiwa. Mume wangu alisema tunachagua maneno wakati nyumba inaungua. Siku ya tano wifi mwenyewe alimwita mdogo wake, akampa fulana nyingine ya bluu, akamwambia aandike hivi tu: Namwendeshea dada.

"Mwanamke akikuuliza, mwambie ugonjwa," akasema. "Mwanamume akikuuliza, mwambie barabara ni ndefu."

Aliondoka Jumatatu alfajiri na baiskeli ya gia ya kuazima, nyuma amefunga pampu, viraka, solusheni na tyubu mbili. Akapita Tengeru, Usa River na Maji ya Chai, kule ambako madini ya floraidi kwenye maji huyapaka meno ya watoto rangi ya kahawia. Kwenye mteremko wa Kikafu alibana breki mpaka vidole vikafa ganzi. Akalala Himo. Siku ya pili, kati ya Mwanga na Same, upepo ulimpiga usoni tangu asubuhi, akatupigia simu akisema Milima ya Pare haisogei.

Pale Same mama mmoja muuza chai aliisoma ile fulana, akauliza. Shemeji akamweleza ugonjwa. Yule mama akangoja wateja waondoke, akamwambia kwamba yeye ana uvimbe tangu mwaka uliopita na mumewe hajui. Kijana wa watu hakujua aseme nini, akampa namba yangu ya simu.

Alipiga Jumatano usiku, tukifunga mizigo. Wifi aliichukua simu, akatoka nayo nje kwenye migomba, akazungumza mpaka salio la yule mama likaisha, kisha akampigia yeye. Niliwasikia wakicheka. Aliporudi ndani alisema tu, "Ameahidi kwenda hospitali kesho."

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi tulipanda basi. Tulijua tutampita mahali fulani. Tulimkuta baada ya Mombo, katikati ya mashamba ya mkonge, amecheleweshwa na pancha. Dereva alipiga honi, naye akajisogeza pembeni bila kuinua kichwa. Fulana ililowa jasho, lakini maandishi yalisomeka.

"Huyo naye," alisema baba mmoja kiti cha mbele, "dada yake hana nauli?"

Watu wakacheka. Wifi akasimama, kitambaa kichwani, ameshika kiti kwa sababu basi lilikuwa mwendo.

"Dada mwenyewe ni mimi."

Hakuna aliyecheka tena. Yule baba aligeukia dirisha, na mama aliyekuwa karibu nasi akamfungulia wifi soda.

Korogwe basi lilisimama watu wale. Wifi hakula. Alinunua machungwa sita, akayalipia, kisha akamwachia muuzaji yule yule.

"Atapita kijana wa fulana ya bluu kwa baiskeli. Ni yake haya."

Shemeji alifika Dar es Salaam Jumamosi jioni, mdomo umepasuka kwa jua. Machungwa aliyapata yote sita. Yule mama muuzaji, alisema, alikataa kumwachia aondoke mpaka amweleze huyo dada anaumwa nini.