Usiku Mmoja Kando ya Lualaba

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye somo la jiografia, mtoto mmoja wa darasa la nne akaniuliza: "Mwalimu, wewe umewahi kusafiri halafu ukarudi?" Maana yeye safari anayoijua ni ile ya kukimbia tu. Darasa likacheka, lakini swali likanikaa moyoni. Nikamwahidi kwamba nitaandika. Basi, leo nawasimulia safari tuliyokwenda na tukarudi.

Ilikuwa likizo kubwa ya mwaka 2014, mimi nina miaka 13. Tulikuwa tunakaa Kindu, mji mkuu wa Maniema. Shangazi yangu alikuwa na biashara yake ndogo. Ananunua mchele na mawese Kindu, anashuka navyo mtoni mpaka Ubundu, anarudi na sabuni, chumvi na nguo zinazotoka Kisangani. Mwaka huo akaniomba kwa baba nikamsaidie kulinda mzigo: magunia manne ya mchele na madumu sita ya mawese. Huo ndio ulikuwa mtaji wake wote.

Boti yetu ilikuwa ya mbao, ndefu, injini nyuma, ile sisi tunaiita baleinière. Msifikirie zile meli za watalii zenye vyumba na vitanda. Hapa kitanda ni gunia lako, na jiko ni mbabula ya jirani ukimwomba vizuri. Kuku wanalia, watoto wanalia, redio inalia. Mbele wamesimama vijana wawili na fito ndefu, wanapima kina cha maji na kumpigia nahodha kelele: kuna maji, hakuna maji! Julai na Agosti mto umepungua, na mchanga umejaa kila mahali.

Wanafunzi wangu, hapa sikilizeni. Ukitoka Kindu unashuka kuelekea kaskazini. Unapita mahali mto Elila unapoingia, unapita Lokandu, unapita mto Ulindi, unafika Lowa, halafu Ubundu. Kutoka hapo boti haiwezi kuendelea, kwa sababu yanaanza maporomoko saba ya Boyoma mpaka karibu na Kisangani. Ndiyo maana wakoloni walijenga reli ya kilomita 125 kati ya Ubundu na Kisangani, ikamalizika mwaka 1906. Baada ya maporomoko hayo Lualaba inabadilika jina, inaitwa Kongo.

Siku ya pili jioni nikashikwa na homa. Jua lilipokaribia kuzama nahodha akafunga boti kwenye kijiji kimoja chini ya Ulindi. Usiku boti zile hazitembei, maana hazina taa za kutosha, na gogo moja tu linaweza kuzipasua. Abiria wote hulala humo humo. Lakini shangazi aliniangalia ninavyotetemeka juu ya gunia, mbu wametuzunguka, akasema: "Huyu mtoto halali hapa."

Akaenda kwa nahodha. Yule bwana hakumficha: "Mama, shuka tu. Lakini alfajiri nikipiga honi, naondoka. Sirudi nyuma kwa ajili ya mtu mmoja." Shangazi akafikiria mchele wake, akanifikiria mimi. Akamwachia mzigo mama mmoja mfanyabiashara mwenzake, akanishika mkono tukashuka.

Kwanza tulikwenda kwa kapita wa kijiji. Shangazi akaonyesha kadi yake, akaeleza tunatoka wapi na tunakwenda wapi. Hiyo ndiyo desturi: mgeni hajifichi. Kapita akatupeleka kwa bibi mmoja mzee, nyumba yake mwisho kabisa wa kijiji, mwendo wa kama robo saa kutoka mtoni. Bibi hakuuliza maswali. Aliniosha kwa maji ya baridi, shangazi akanipa dawa aliyokuwa nayo, tukala bugali na sombe na kipande cha samaki. Nikapewa kitanda cha miti kilichokuwa karibu na moto.

Usiku wa manane homa ilishuka, nikaamka. Ndipo nikaona kwamba nyumba nzima ilikuwa na kitanda kimoja tu. Bibi alikuwa amelala chini, kwenye mkeka, kanga yake moja ameifunika miguu ya shangazi.

Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito, hata mti wa jirani hauonekani. Honi hatukuisikia. Tulipofika mtoni, boti haipo. Shangazi aliketi mchangani akashika kichwa kwa mikono miwili. Hakulia kwa sauti. Alisema tu, "Nimekwisha." Mimi nilijua ni kwa sababu yangu, nikatamani ile homa irudi.

Bibi alikuwa ametusindikiza. Akawaita wajukuu zake wawili, vijana Wagenya, watu wa maji. Wakasukuma mtumbwi, wakatuweka katikati, wakasimama mmoja mbele mmoja nyuma na makafia yao. Katika ule ukungu hawakuwa wanaangalia, walikuwa wanasikiliza. Wanapiga kafi, wanatulia, wanasikiliza injini iko wapi, wanapiga tena. Mimi niliogopa sana, nilikuwa nafikiria mamba tu.

Tulikwenda labda saa nzima. Halafu tukasikia kelele za watu. Kumbe boti imepanda juu ya mchanga! Wanaume wako ndani ya maji wanasukuma, nahodha anagomba. Alipotuona akacheka mwenyewe: "Mama, mchanga umekuombea!" Yule mama mwingine alikuwa amekaa juu ya magunia yetu, hakupungua hata mchele wa kikombe kimoja.

Shangazi akatoa franga awalipe wale vijana. Walikataa. Mkubwa wao akasema: "Bibi ametukataza. Amesema, mkifika kwenu, mtu wa mto akija usiku, mumfungulie." Shangazi akachota mchele akaufunga kwenye kitambaa: "Basi huu si malipo, ni wa chungu cha bibi." Huo wakaupokea. Tuliporudi baada ya wiki mbili boti haikusimama pale, lakini vijana walikuja na mtumbwi wao kuuza samaki, tukawapa kitenge na sabuni wampelekee.

Mwaka 2017 sisi wenyewe tukawa watu wa usiku. Tulivuka ziwa Tanganyika tukafika upande wa Kigoma na nguo za mwilini. Mama mmoja mvuvi, hata jina lake sikulishika, alitupa uji na mahali pa kujilaza mpaka asubuhi. Shangazi alipopokea kile kikombe aliniangalia, hakusema kitu. Tulikuwa tunamkumbuka mtu mmoja.

Sasa shangazi yuko hapa hapa kambini. Familia mpya ikifika na haijapata pa kulala, mkeka wake unatandikwa. Nafasi ni ndogo na sisi vijana wakati mwingine tunanung'unika. Yeye anajibu neno moja tu: "Bibi alikuwa na kitanda kimoja."

Wanafunzi wangu, niwape kazi ya nyumbani. Mvua inayonyesha hapa Kasulu inaingia mto Malagarasi, Malagarasi unaingia ziwa Tanganyika. Maji mengi ya ziwa huchukuliwa na jua, lakini mengine hutoka Kalemie kwa mto Lukuga, yakaingia Lualaba, yakapita Kindu, yakapita mbele ya kile kijiji. Chukueni daftari, mchore njia hiyo.

Na ninyi wazazi, jioni mkikaa jikoni, wasimulieni watoto safari moja ambayo mlikwenda na mkarudi. Kila mmoja anayo. Wasijue ile ya kukimbia peke yake.



Mwalimu wenu wa kujitolea, darasa la nne