Barbarella na Daftari Langu

Mama mdogo aliliona daftari langu la riwaya, akasoma ukurasa mmoja tu, ule wa chumbani, akalifungia kabatini. "Hicho ndicho ulichosomea mpaka fomu foo?" Sikumjibu.

Nilichotaka kumwambia ni habari za Mfaransa Jean-Claude Forest. Mwaka 1962 alianza kuchora katuni za Barbarella, msichana anayezurura angani toka sayari hii hadi ile, akimpenda amtakaye bila kuomba ruhusa. Mwaka 1964 Éric Losfeld akazitoa kwa kitabu, cha watu wazima. Kumbe na kule wazee walikuwapo! Walikuwa na sheria ya 1949 ya kulinda vijana, Barbarella akabanwa nayo, na katika toleo la baadaye akaongezewa nguo. Lakini 1968 Roger Vadim akamtolea filamu, na 1983 Forest akapewa tuzo kuu ya tamasha la katuni la Angoulême. Wafaransa wenyewe huziita katuni sanaa ya tisa.

Sasa tusidanganyane, si kila mchoro wa uchi ni sanaa. Mwingine ni uchafu tu, hauna hata hadithi. Barbarella ana hadithi, ana utani, na anaamua mwenyewe. Hapo nikamkumbuka Zuhura wangu wa ule ukurasa wa chumbani. Yeye aliamua nini? Hakuna. Nilimlaza tu pale, kama kanga iliyosahauliwa kitandani.

Ufunguo bado anao mama mdogo. Nimenunua daftari jingine, na safari hii mlango anaufunga Zuhura.