Kutoka Kariakoo Mpaka kwa Askari

Niliondoka Kariakoo kabla jua halijachachamaa, nikiwapisha wasukuma mikokoteni na wabeba magunia waliokuwa wakipaza sauti kuomba njia. Kuanzia hapo kulikuwa kwa makusudi. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, eneo hili likawa kambi ya Kikosi cha Wapagazi, watu waliobeba chakula na risasi za Vita vya Kwanza vya Dunia, vita ambavyo hawakuvianzisha wao. Nilitaka kwenda kwa miguu kutoka kambini kwao hadi kwenye sanamu iliyosimamishwa kuwakumbuka wao na wenzao wa bunduki.

Njia yenyewe si ndefu. Barabara ya Uhuru inakupitisha kando ya Mnazi Mmoja, unafika Mnara wa Saa, kisha unaingia Samora, barabara ambayo enzi za Mwingereza iliitwa Acacia Avenue. Ukiifuata moja kwa moja, unamwona kwenye mzunguko: askari wa shaba, ameinama kidogo, bunduki mkononi, singe imeelekezwa bandarini.

Kivulini kando ya barabara alikaa mzee anayeuza magazeti.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Naona umemkazia macho Askari. Mwanangu, huyu ni wa Mjerumani au wa Mwingereza?”

Nikamwambia ni wa Mwingereza. Alichongwa na James Alexander Stevenson, akaonyeshwa London kabla ya kusafirishwa, na akazinduliwa hapa mwaka 1927.

“Na Mjerumani hakuacha yake?”

Aliiacha. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha mjini humu sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann, na chini ya miguu yake wakamweka askari Mwafrika. Waingereza waliing'oa, baadaye ikapelekwa Hamburg, na mwaka 1968 wanafunzi wa huko wakaiangusha. Mzee alicheka. “Kumbe hata wao walimchoka!”

Nilivuka kwenda kusoma maandishi ya kwenye kitako. Yako kwa Kiingereza na Kiswahili, na maneno yake husemwa ni ya Rudyard Kipling. Yanawataja askari wenyeji waliopigana, na yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwishoni yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Miguu na mikono si maneno ya kupamba tu. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi, hivyo mizigo ikaishia vichwani mwa watu. Waingereza walimfukuza Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kutoka Kilimanjaro hadi Rufiji, hadi Msumbiji, mpaka aliposalimu amri Abercorn, Mbala ya leo, Novemba 1918. Kila hatua ya mbio hizo ilihitaji watu wa kubeba unga. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba wapagazi zaidi ya 90,000 wa upande wa Waingereza walikufa, na waliomalizwa na kuhara damu, malaria na njaa ni wengi kuliko waliopigwa risasi. Kwenye ukumbusho wa Nairobi, kazi ya Stevenson huyo huyo, mpagazi amechongwa akiwa amesimama pamoja na wanajeshi. Hapa Dar es Salaam, aliyesimama juu ni mwenye bunduki peke yake.

Nilizunguka kitako chote nikitafuta jina la mtu. Hakuna hata moja.

Niliporudi kivulini nilimweleza mzee ile ahadi. Akauliza papo hapo: “Majina yenyewe yako wapi?”

Nikamweleza kwamba mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri, katika ripoti yake, kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na wengine pengine hawakukumbukwa kabisa. Ripoti ikasema chanzo kimojawapo kilikuwa ubaguzi wa watawala wa wakati ule. Tume iliomba radhi.

“Radhi ni neno,” alisema mzee, huku akimrudishia mteja chenji. “Kama kuna daftari lolote lenye majina, hata kumi, wayachonge pale chini tuyasome. Nafasi ipo.”

Nilimuunga mkono. Kitako kile kina pande nne, na ahadi ya kukumbukwa kwa jina imechongwa pale tangu 1927.