Prosesa ya Pili

Mapema mwaka 1999, fundi mmoja wa Dar es Salaam alinunua seva ya mtumba yenye Pentium Pro mbili. Muuzaji alimwapia kwamba zote nzima. Fundi akaweka Linux kutoka kwenye CD, akasoma /proc/cpuinfo, akakuta prosesa moja tu, namba 0. Akazima, akafungua kasha, akagusa vipozea: kimoja cha moto, cha pili vuguvugu. Akajua ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kumbe wapi! Mashine ya aina ile ikiwashwa, prosesa moja ndiyo huanza kazi. Nyingine husubiri kuamshwa. Tangu 1994 Intel ilikuwa na kanuni yake: BIOS iache kwenye memori jedwali la prosesa zilizopo, mfumo endeshi ulisome, kisha uziamshe zilizolala. Lakini kerneli ya Linux ile, yaani kiini chake, toleo la 2.0, ilikuwa imekompailiwa kwa ajili ya prosesa moja. Jedwali lilikuwepo, msomaji hakuna. Windows 98 ndiyo usiseme: hata ungeipa prosesa nne, ingetumia moja.

Dawa ilikuwa mstari mmoja ndani ya Makefile, faili la maelekezo ya kukompaili: SMP = 1, yaani ruhusa ya kutumia prosesa zaidi ya moja, uliozimwa kwa alama ya reli (#). Akaifuta alama, akakompaili, akaenda kula, akarudi, bado. Usiku ulikuwa umekwenda sana alipoiwasha upya. Safari hii chini ya namba 0 ilikuwepo namba 1. Akairudia amri ya kusoma /proc/cpuinfo mara tatu, kama anayehesabu noti za mshahara.

Raha ilikuwa na kasoro yake. Alan Cox, Mwingereza aliyeiwezesha Linux kutumia prosesa zaidi ya moja kwa ubao wa prosesa mbili alionunuliwa na kampuni ya Caldera, aliilinda kerneli nzima kwa kufuli moja kubwa. Ilikuwa nyumba ya kupanga yenye choo kimoja. Kwenye hesabu tupu prosesa zote mbili zilichapa kazi. Zikihitaji kerneli kwa pamoja, moja ilibaki mlangoni na ndoo yake.

Toleo la 2.2 lilipunguza foleni, na SMP ikawa swali la kujibiwa ndiyo au hapana kwenye menyu. Kufuli lenyewe liling'olewa kipande kwa kipande kwa miaka mingi. Mabaki yake aliyaondoa Arnd Bergmann katika 2.6.39, Mei 2011.

Seva ilikuwa imeshakufa zamani. Fundi bado huichapa amri ile kwenye kila laptopu anayoletewa, na wanafunzi wake humuuliza anatafuta nini.