Pasi Ilipoacha Kula Makaa

Pasi ya mkaa haikuwa na kitufe cha kupunguza moto. Ilikuwa na kifuniko chenye komeo, mara nyingi lenye umbo la jogoo, matundu ubavuni ya kupitisha hewa na mpini wa mbao. Yaliyobaki yote yalikuwa juu ya mpigaji pasi. Mwandishi wa kumbukumbu hizi, aliyekulia Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, alifundwa kazi hiyo na bibi yake, ambaye makaa ya gunia hakuyapenda. Yeye alitaka vifuu vya nazi, kwa kuwa moto wake ni mkali na jivu lake ni dogo. Jivu ndilo lililokuwa adui: likipenya kwenye tundu na kutua juu ya kanzu nyeupe, nguo inarudi kwenye beseni.

Kabla pasi haijagusa nguo ilipitishwa juu ya jani bichi la mgomba. Nta ya jani hulifanya tako la pasi liserereke, na masizi hubaki kwenye jani. Kisha tone la maji: likichemka na kukauka taratibu, moto ni wa wastani, likiruka na kukimbia juu ya chuma, moto ni wa kaki wala si wa mtandio.

Siri kubwa ilikuwa mpangilio. Moto wa mkaa hupanda, hukaa kidogo, halafu hushuka wenyewe. Kwa hiyo kaptula za shule na mashati mazito ya pamba yalitangulia, kanga zikafuata, na vitu vya nailoni vikangoja hadi makaa yakaribie kufifia. Nguo zenyewe zilikuwa zimekwisha nyunyizwa maji kwa vidole, zikakunjwa, zikaviringishwa na kuachwa kitambo ili unyevu uenee sawasawa. Anayenyunyiza na kupiga pasi papo hapo hupata sehemu iliyonyooka na sehemu yenye makunyanzi, kisha analaumu pasi.

Kanzu na kofia zilipitishwa kwanza kwenye wanga wa muhogo uliokorogwa mwepesi. Kofia haikupigwa pasi kabisa. Ilivishwa ingali mbichi kwenye kopo lenye upana wa kichwa, ikakauka ikiwa na umbo lake. Kanga mpya ilifuliwa peke yake. Wengi huiloweka kwa maji ya chumvi wakisema rangi haitachuja, lakini kilicho na hakika ni kule kuitenga na nguo nyeupe, kuianika kivulini na kuipiga pasi kwa upande wa ndani.

Ujuzi huo ulikuwa wa pamba, na pamba ndiyo iliyovaliwa. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1968 kwa msaada wa China, na Mwatex ya Mwanza, vilikuwa majina ya kila nyumba. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba ikaja na mashati ya tetroni na sketi za poliesta. Vitambaa hivyo havikukunjamana sana, ila moto wa vifuu haukuvifaa: viling’aa vibaya, vikanyauka, vikaacha ukoko mweusi kwenye pasi.

Pasi ya umeme haikuwa jambo jipya duniani. Henry Seely wa New York aliipatia hataza mwaka 1882. Mitaani kwetu ilisubiri nguzo za umeme, na ilipofika ilipokewa kwa shangwe inayostahili. Kitufe cha kuchagua joto kilikuja na nukta zinazolingana na zile za kwenye lebo ya nguo: moja ni takriban nyuzi 110 za Selsiasi, mbili ni 150, tatu ni 200. Wengi hawajawahi kuziangalia.

Jambo ambalo hakuna aliyelisema dukani ni kwamba mpangilio wa bibi sasa ulipaswa kupinduliwa. Pasi ya umeme hupata joto upesi na hupoa polepole. Poliesta ianze, pamba ifuate, na mwishoni pasi ichomolewe, vitu vyepesi vilivyobaki vinyooshwe kwa joto lililosalia. Mita za LUKU, za kulipia umeme kabla ya kuutumia, zilipoingia Tanzania katika miaka ya 1990, uniti za umeme zilianza kuonekana zikipungua. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima mfululizo hula uniti moja. Kwa uniti hiyo, taa ya wati 10 huwaka saa 100. Kwa hiyo kupiga pasi shati moja moja kila asubuhi, na kuipasha pasi upya kila mara, ni ubadhirifu. Nguo za wiki zikusanywe, zinyunyizwe, zimalizwe kwa mkupuo mmoja.

Ukoko kwenye pasi ya umeme usikwanguliwe kwa kisu. Pasi ikiwa vuguvugu, kitambaa laini chenye siki kinatosha kwa uchafu mwingi. Doa la kutu kwenye nguo nyeupe bado linashindwa na ndimu na chumvi juani.

Siku hizi vijana wengi hawapigi pasi kabisa. Fulana hutoka kambani ikavaliwa. Kwa urembo hilo ni shauri lao. Kiafya kuna nzi mmoja wa Afrika anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini, na viluwiluwi vyake huingia ngozini vikafanya uvimbe kama jipu. Pasi ya moto huviua, hasa ikipitishwa kwenye mapindo na viuno vya nguo, na nepi za mtoto mchanga zisiachwe. Asiye na pasi, wala umeme, aziweke nguo zilizokauka wiki mbili bila kuzivaa.