Si Kila Aangukaye Mezani Amelishwa Sumu



Baadhi yenu mmeniomba nieleze kwa maandishi lile nililoligusia kwa haraka katika matangazo ya Dominika, yaani habari ya watu ambao miili yao hukataa chakula au dawa fulani. Wataalamu huuita mzio. Mitaani twasema aleji. Mimi si tabibu. Nilisomea falsafa na teolojia, na haya niyaandikayo nimeyapata kwa masista wa zahanati, katika vitabu, na kwa kuketi kando ya vitanda vya wagonjwa. Hata hivyo ninalo neno la kusema, kwa sababu nimeuona mzio ukivunja ujirani.

Miaka michache iliyopita, katika sherehe ya Komunyo ya Kwanza kwenye jumuiya mojawapo, kijana mgeni alikula wali na kisamvu. Hazikupita dakika kumi, midomo ikamvimba, mwili ukatoka mabaka, sauti ikakwaruza, akatapika, kisha akaanguka. Aliyepika kisamvu kile alikuwa mjane mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba na familia iliyoalika. Ndugu msomaji, huhitaji kuambiwa neno lililozunguka uwanjani kabla hata mgonjwa hajainuliwa: sumu. Wengine walinong'ona mabaya kuliko sumu.

Kwa bahati njema zahanati ilikuwa ng'ambo ya barabara. Sista muuguzi hakuuliza nani amepika. Alimlaza chali, akaagiza miguu iinuliwe, akamchoma sindano ya adrenalini pajani, upande wa nje, ndani ya msuli. Mtu mmoja alikuwa amekwisha kuleta maziwa ili amnyweshe, kama ilivyo desturi kwa anayedhaniwa amekula sumu. Sista akayazuia, maana mtu ambaye koo linavimba na fahamu zinampotea akinyweshwa hupaliwa. Baada ya dakika chache pumzi ikarejea.

Kisamvu kile kilikuwa kimeungwa kwa karanga. Watu zaidi ya mia moja walikila, na hakuna mwingine aliyeumwa hata tumbo.

Siri ya jambo hili ilianza kufumbuliwa na Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier. Mwaka 1901 walikuwa katika meli ya Albert I, mtawala wa Monaco, wakichunguza sumu za viumbe wa baharini, na waliporudi nyumbani wakaendelea na majaribio kwa mbwa. Mbwa aliyestahimili sindano ya kwanza, alipochomwa tena kiasi kidogo baada ya wiki kadhaa, alikufa upesi. Walitegemea kwamba angekuwa amezoea; kumbe mwili wake ulikuwa umejifunza kuwa mkali kupita kiasi. Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo. Leo twajua kwamba mwili wa mwenye mzio hutengeneza kingamwili dhidi ya kitu kisicho na hatia, na ukikutana nacho tena humwaga kemikali nyingi kwa ghafula: mishipa ya damu hulegea, shinikizo la damu huanguka, njia ya hewa hufunga. Hatari yote imo katika damu ya mlaji. Chungu hakina kosa.

Kilichonihuzunisha ni wiki zilizofuata. Jumuiya iliendelea kusali nyumba kwa nyumba, lakini ilipofika zamu ya mjane yule, chai yake ilipoa vikombeni. Hakuna aliyemshtaki kwa kinywa.

Kijana alipelekwa hospitali ya rufaa. Daktari alianza kwa maswali: ulikula nini, baada ya muda gani ukaumwa, je, iliwahi kukutokea kabla? Akakumbuka kwamba utotoni kashata za karanga zilikuwa zikimwasha midomo, akaziacha bila kumwambia mtu. Ndipo ngozi ya mkono ikadungwa kidogo juu ya tone la karanga, wakangoja robo saa, uvimbe ukatokea. Mpangilio huo ni wa maana, kwani kipimo peke yake chaweza kudanganya. Watafiti nchini Ghana waliona watoto wa shule ambao damu yao ilionyesha kingamwili dhidi ya karanga, nao wanazila bila shida. Maambukizi ya kichocho yalichangia matokeo hayo. Kwa hiyo usinunue kipimo cha damu kisha ukamnyima mwanao vyakula kumi na viwili. Penye shaka, mgonjwa hulishwa kidogo kidogo chini ya macho ya daktari, hospitalini, kamwe si nyumbani.

Jumapili moja kijana alirudi kwa hiari yake, akaingia nyumbani kwa mjane, akala wali na maharage mbele ya majirani. Chai ikaanza kunywewa tena. Si wote waliomwomba radhi mama yule.

Upande wa dawa twakosea kwa namna nyingine. Niendapo kutoa Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa, mara nyingi nasikia: «Padre, huyu ana aleji na sindano.» Sindano ipi? Hakuna ajuaye. Wazee wetu wanakumbuka jinsi klorokwini ilivyowawasha, kabla Tanzania haijaiacha mwaka 2001. Kuwashwa kule kwa kawaida hakukuwa mzio. Kuharisha kwa sababu ya amoksilini nako si mzio. Nchini Marekani kiasi cha mtu 1 kati ya 10 ameandikiwa kuwa na mzio wa penisilini, lakini wakipimwa ipasavyo zaidi ya asilimia 90 yao huweza kuitumia. Jambo hilo si dogo: mjamzito mwenye kaswende hana dawa nyingine iliyothibitishwa kumkinga mtoto aliye tumboni.

Lakini aliyebabuka ngozi, akatoka malengelenge na vidonda vya mdomo na macho baada ya dawa za salfa, huyo asijaribiwe tena hata kidogo. Salfa imo katika Septrin na katika SP wanayopewa wajawazito kuzuia malaria. Andikeni jina la dawa, tarehe na kilichotokea, katika kadi ya kliniki na nyuma ya kadi ya bima.

Kwa wanaoandaa sherehe: mpishi atangaze penye karanga, kamba au mayai, na upawa wa kisamvu usiingie katika sufuria nyingine. Vidonge vya Piriton hupunguza kuwashwa, havifungui koo. Anayeanguka asisimamishwe wala kutembezwa. Anayehema kwa shida aachwe aketi. Akipata nafuu abaki chini ya uangalizi, kwani dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa. Kabla ya kualika watu mia tatu, ulizeni kama zahanati ya karibu ina adrenalini, na kama hufunguliwa Jumapili. (Muziki mwauliza mapema.)

Wapo pia wasioweza kula ngano, nao huona aibu kukaa benchini wakati wa Komunyo. Hostia lazima iwe ya ngano, lakini tangu barua ya Kardinali Ratzinger ya mwaka 2003 ni wazi kwamba hostia zenye gluteni kidogo sana zaruhusiwa, na asiyeweza hata hizo aweza kukomunika kwa Divai peke yake. Wenye mzio wa kweli wa ngano wafuate njia hii ya pili, wakitumia kalisi ya pembeni isiyotiwa kipande cha Hostia. Kalisi hiyo tunayo. Mwenye hitaji anione sakristia robo saa kabla ya Misa, asingoje hadi awe kwenye mstari.