Maji ya Korogwe Yafikapo Pangani

Handeni, asubuhi

Nimeamua kwenda Pangani nikianzia bara. Ukiuingia mji wa pwani kwa baharini, utaona majumba. Ukiuingia kwa nyuma, utaona jasho lililoyajenga. Karne ya 19 misafara iliteremsha pembe za ndovu na watumwa hadi Pangani, na Uzigua, eneo hili la Handeni, ulikuwa njiani. Njaa ya miaka ya 1830 iliwafanya Wazigua wengi kuuzwa ng'ambo, wakaishia Somalia. Vita vya huko vikawarudisha baadhi ya vizazi vyao, wakapewa makazi Chogo, huku huku Handeni. Katika mji wa Handeni sikuona jumba la kale la kumwonyesha mgeni. Kumbukumbu yake ni watu.

Korogwe, mchana

Hapa mto Pangani unapita taratibu, maji rangi ya udongo. Kumbukumbu ya Korogwe ni reli na mkonge. Reli ya kutoka Tanga ilifika mwaka 1902. Shambani singa zimeanikwa kwenye nyaya, nyeupe kama mvi, na harufu kali ya korona, mtambo wa kuchakata mkonge, inakufuata hadi barabarani. Mkonge nao ulipanda kutoka pwani: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, jirani na Pangani. Kutokana na hiyo yakaja mashamba, na manamba, vibarua wa mkataba, kutoka mbali.

Pangani, kesho yake

Majumba ya mawe na chokaa yametazama mto. Nimegusa mlango wa nakshi: maua yaliyochongwa bado yanashikika kwa kidole, lakini ukuta ulioushika mlango unamomonyoka, chokaa inabaki mkononi kama unga. Ni mji huu uliomkataa Mjerumani mwaka 1888 chini ya Abushiri bin Salim, na hapa ndipo kiongozi huyo aliponyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri wa Saadani, aliyekuwa na Wazigua nyuma yake, aliendelea kupigana hadi mwaka uliofuata.

Nalinganisha. Reli iliyoikuza Korogwe ilianzia Tanga, na biashara ya bara ikaifuata huko; Pangani ikabaki na mto wake. Ndiyo maana Korogwe ina pilikapilika za stendi, na Pangani ina utulivu unaokufanya usikie kasia likigusa maji.

Jioni nimevuka kwa pantoni kwenda Bweni, ng'ambo ya mto. Maji ni yale yale ya udongo niliyoyaacha Korogwe, sasa yamekutana na chumvi. Watu wa Handeni na Korogwe tumezoea kusema Pangani ni ya watu wa pwani. Sivyo. Waliobeba pembe walipita kwetu, waliouzwa walikuwa wetu. Kuta hizi zikianguka, tutakuwa tumepoteza ukurasa wetu wenyewe. Walimu wawalete watoto wetu hapa, waguse milango hii ingali imesimama.